Laos: Vita viliisha, mabomu yakabaki shambani

Laos ni nchi ya Kusini Mashariki mwa Asia. Haina bahari, na wananchi wake wengi ni wakulima wa mpunga. Upande wa mashariki inapakana na Vietnam. Marekani haikuwahi kuitangazia vita, lakini kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege zake ziliangusha huko zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Wakati huo Laos ilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Ukigawanya, ni zaidi ya nusu tani kwa kila mtu, mtoto na mzee.

Kwa nini Laos?

Mwaka 1962 mataifa yaliyokutana Geneva, Marekani na Vietnam Kaskazini zikiwemo, yalikubaliana kwamba Laos isiegemee upande wowote. Makubaliano hayo hayakuheshimiwa. Vietnam Kaskazini iliendelea kupitisha askari, silaha na chakula katika misitu ya mashariki mwa Laos ili kuwafikia wapiganaji wake wa kusini. Njia hizo zilijulikana kama Njia ya Ho Chi Minh. Nayo Marekani, kupitia shirika lake la ujasusi la CIA, iliunda jeshi la siri ndani ya Laos, kisha ikaanza kuzipiga njia hizo kwa ndege.

Mashambulizi hayo yalifichwa, hata kwa wananchi wa Marekani. Katika mkoa wa Xieng Khouang, watu walihamia mapangoni na kulima usiku. Pango nalo halikuwa salama siku zote: Novemba 1968 roketi iliingia katika pango la Tham Piu na kuua mamia ya wanakijiji waliokuwa wamejificha humo.

Kambodia nayo

Njia hizo zilifika pia Kambodia, jirani wa kusini. Machi 1969 Rais Richard Nixon aliamuru ndege za B-52 zishambulie huko kwa siri, na kumbukumbu za kijeshi zikaandikwa kana kwamba mabomu yameangukia Vietnam. Bunge la Marekani lilikomesha mashambulizi Agosti 15, 1973. Siku chache kabla, mji wa Neak Luong, ambao ulikuwa upande wa Marekani, ulipigwa kimakosa na zaidi ya watu 100 wakafa.

Kilichobaki ardhini

Mengi ya mabomu yaliyoangushwa Laos yalikuwa ya vishada. Bomu moja kubwa hufunguka angani na kumwaga mamia ya vibomu, vingi vikiwa na ukubwa wa chungwa dogo. Inakadiriwa kwamba vibomu milioni 270 viliangushwa, na hadi milioni 80 havikulipuka. Tangu vita viishe mwaka 1975, watu wapatao 20,000 wameuawa au kujeruhiwa na masalia hayo.

Jembe likigonga kibomu, kinaweza kulipuka. Moto wa kupikia ukiwashwa juu ya udongo uliokificha, joto linaweza kukilipua. Watoto hudhani ni mpira. Wengine huumia wakitafuta vyuma chakavu vya kuuza. Kwa hiyo kuna ardhi nzuri inayoachwa bila kulimwa kwa kuogopwa.

Usafishaji ni kazi ya polepole: hatua kwa hatua kwa vifaa vya kutambua chuma, kisha kulipua kila kibomu kinachopatikana. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alizuru Laos na kuahidi dola milioni 90 kwa miaka mitatu kusaidia kazi hiyo.

Mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku mabomu ya vishada ulianza kutumika Agosti 1, 2010, na Laos ni mwanachama. Marekani na Urusi hazimo, na mabomu hayo yametumika tena katika vita vya Ukraine.

Somo kwa kila mkulima

Shuleni nchini Laos watoto hufundishwa kanuni inayofaa popote palipowahi kupiganwa vita. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome moto. Rudi ulikopitia, waonye wenzako, kisha toa taarifa kwa viongozi. Kutu si dalili kwamba bomu limekufa.