Tofali la Inchi na Ukuta wa Kale: Historia ya Vipimo vya Matofali na Funzo Lake kwa Wajenzi wa Leo

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, mambo mengi hukumbukwa: wainjilisti wa kwanza, ubatizo wa kwanza, wachungaji waliopokezana kijiti, na kwaya zilizoimba katika shida na raha. Upo pia urithi ambao hausemi, nao ni majengo. Kanisa la kale, nyumba ya mchungaji, shule na zahanati ni mashahidi walionyamaza wa kazi ya mikono ya wazee waliotangulia. Lakini idadi ya Wakristo huongezeka na majengo hayo hayatoshi tena. Ndipo Baraza la Wazee na Kamati ya Ujenzi hukabiliwa na swali ambalo huonekana dogo: ukuta wa kale ukitakiwa kurefushwa, utarefushwa kwa tofali gani?

Wengi hudhani kwamba tofali ni tofali. Historia inaonyesha vinginevyo. Kipimo cha tofali kimebadilika kufuatana na serikali, kodi, vita na sheria, na ukuta uliojengwa kwa inchi haukubali kuunganishwa kwa urahisi na matofali ya milimita. Nchini Uingereza, ambako nyumba za zamani za matofali ya inchi ni nyingi mno, jambo hili limewasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka hamsini. Tanzania, iliyotawaliwa kwanza na Wajerumani na baadaye na Waingereza, ina sababu zake za kulifahamu.

Tofali na kiganja cha fundi

Tofali la kuchoma ni la kale sana. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 11, kinawataja watu wa Shinari waliochoma matofali yao vizuri, na Kutoka, sura ya 5, inaeleza mateso ya Waisraeli waliodaiwa hesabu ile ile ya matofali baada ya kunyimwa majani makavu.

Pamoja na ukale huo, umbo la tofali limebaki karibu lile lile kwa sababu mbili. Kwanza, fundi mwashi hulishika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika mwiko. Tofali pana kupita kiganja humchosha. Pili, urefu wa tofali hulingana na upana wake mara mbili pamoja na nafasi ya kiungo kimoja. Kwa uwiano huo matofali yanayolazwa kwa urefu na yale yanayoonyesha kichwa hufungamana na kuufanya ukuta kuwa kitu kimoja. Uwiano ukivurugika, fundi hulazimika kukatakata vipande, na ukuta hupoteza nguvu na sura yake.

Uingereza: kodi iliyonenepesha tofali

Moto mkubwa ulipoiteketeza London mwaka 1666, sheria ya mwaka uliofuata iliagiza nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe badala ya mbao. Tangu hapo tofali likawa sura ya mji ule. Walutheri nao walishiriki. Kanisa la Mtakatifu George katika mtaa wa Alie, eneo la Whitechapel, lilijengwa mwaka 1762 hadi 1763 na Wajerumani wa London, ambao wengi wao walifanya kazi katika viwanda vya kusafisha sukari; mwanzilishi wake mkuu, Dederich Beckmann, alikuwa mwenye kiwanda cha namna hiyo. Waliabudu kwa lugha ya kwao, lakini waliabudu ndani ya kuta za matofali kama yale ya majirani zao Waingereza.

Mwaka 1784, baada ya vita ya kupigania uhuru wa Marekani, serikali ya Mfalme George wa Tatu ilihitaji fedha za kulipa madeni. Ikaweka kodi ya shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000. Kwa kuwa kodi ilihesabiwa kwa idadi wala si kwa ukubwa, watengenezaji waligundua mara moja njia ya kuipunguza: walifanya tofali kuwa nene zaidi. Joseph Wilkes wa Measham alifahamika kwa matofali yake yaliyokaribia ukubwa wa matofali mawili. Serikali haikulala. Mwaka 1803 ilitoza kodi maradufu kwa tofali lolote lililozidi inchi 150 za ujazo, yaani lililozidi tofali la inchi 10 kwa 5 kwa 3. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1850, lakini mazoea ya tofali nene hayakufutika nayo.

Hivyo hata ndani ya nchi moja hakukuwa na tofali moja. Kwa jumla, kusini mwa Uingereza kulizoeleka tofali lenye kimo cha inchi 2⅝, na kaskazini lenye kimo cha inchi 2⅞ au karibu inchi 3. Fundi wa leo anayeambiwa kwamba nyumba fulani ni ya matofali ya inchi bado hajajua lolote mpaka aende na kupima.

Ujerumani na Tanganyika

Wakati Waingereza wakiendelea na inchi zao, Dola mpya ya Ujerumani ilianza kutumia vipimo vya metriki tarehe 1 Januari 1872. Mwaka huo huo uliwekwa ukubwa mmoja wa tofali ulioitwa Reichsformat, yaani kipimo cha Dola: sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. Hesabu yake ilikuwa rahisi kukumbuka: kozi 13, yaani safu 13 za matofali pamoja na viungo vyake, zilitimiza mita moja ya kimo.

Miaka michache baadaye wamisionari wa Kilutheri walifika katika nchi hii. Wale wa Berlin walianza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891; wale wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893; na Usambara ilipokea wamisionari wa shirika lililojulikana baadaye kama Betheli. Palipokuwa na mawe walijenga kwa mawe. Palipokuwa na udongo mzuri wa mfinyanzi na kuni za kutosha, matofali yalifyatuliwa na kuchomwa papo hapo. Mikono iliyokanyaga udongo, iliyofyatua na iliyobeba ilikuwa hasa ya wenyeji.

Vita Kuu ya Kwanza iliondoa utawala wa Kijerumani, na wamisionari wengi wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Walianza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Waingereza walipoitawala Tanganyika, futi na inchi zilitawala pia katika ofisi za ujenzi, katika ramani na katika rula za maseremala waliotengeneza kalibu. Kwa hiyo inawezekana kabisa jengo moja la misheni likawa na ukuta ulioanzishwa kwa sentimita za Berlin na kuendelezwa kwa inchi za London.

Tofauti hiyo haifichiki. Tofali la kipimo cha Dola lilikuwa na urefu wa milimita 250. Tofali la kawaida la Kiingereza, lenye inchi 8⅝, lina milimita 219. Kwa kimo yalikaribiana sana, lakini kwa urefu yaliachana kwa milimita 31. Macho ya fundi mzoefu husoma badiliko hilo ukutani kama msomaji anavyotambua mwandiko wa mtu mwingine katika kitabu cha ubatizo.

Milimita zinazojumlishana

Katika miaka ya 1970 Uingereza yenyewe iliacha tofali la inchi na kupokea la metriki: milimita 215 kwa 102.5 kwa 65. Kwa kiungo cha milimita 10, kozi nne zinatimiza milimita 300. Katika ukuta wa kale wa matofali ya inchi 2⅝ na kiungo cha inchi ⅜, kozi nne zilitimiza futi moja kamili, yaani milimita 304.8. Tofauti ni chini ya milimita 5, na mtu asiye fundi atasema si kitu.

Lakini ukuta haukomei kozi nne. Ukuta wa futi 10 una kozi 40, na hapo tofauti imekuwa milimita 48. Kozi mpya haikutani tena na kozi ya kale. Linta ya dirisha jipya haiko sawa na ya zamani, na mahali pa kuungania panakuwa na ngazi ndogondogo zisizo na mpango. Fundi hodari aweza kusaidia kwa kunenepesha kila kiungo kwa milimita 1 na kidogo. Kwa tofali la kaskazini lenye inchi 2⅞, yaani milimita 73, dawa hiyo haifai: kila kozi inapungua milimita 8, na katika kozi 40 upungufu ni milimita 320, zaidi ya kozi nne nzima. Kiungo kinene kiasi cha kuziba pengo hilo huonekana vibaya, nao ukuta huwa wa udongo wa kuungia kuliko wa matofali.

Hata hesabu ya manunuzi hubadilika. Ukuta wa unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu huhitaji matofali 60 ya metriki kwa kila mita moja ya mraba. Kwa tofali la inchi 2⅝ yanatosha takriban 57, na kwa lile la inchi 2⅞ takriban 53, bila kuhesabu yatakayovunjika.

Namna ya kuchagua

Uzoefu wa mafundi wa majengo ya kale umeacha mafunzo ambayo Kamati ya Ujenzi yoyote yaweza kuyatumia.

La kwanza ni kupima ukuta, wala si tofali moja. Matofali ya kufyatuliwa kwa mkono hayalingani. Moja laweza kumdanganya mpimaji. Hupimwa kimo cha kozi nne pamoja na viungo vyake, mahali kadhaa, kisha urefu wa matofali kumi katika mstari mmoja, na wastani ndio unaofuatwa.

La pili ni kutafuta tofali linalolingana. Uingereza viwanda bado hutengeneza matofali ya milimita 68 na 73 kwa ajili ya nyumba za kale, na wapo wauzaji wa matofali yaliyookolewa katika majengo yaliyobomolewa. Haya ya pili huhitaji uangalifu, kwa sababu tofali laini lililojengewa ndani ya nyumba huharibika likiwekwa nje penye mvua. Mahali ambapo matofali hufyatuliwa kwa mkono ipo neema ambayo viwanda vikubwa havina: kalibu hutengenezwa kwa ukubwa wowote. Ila udongo husinyaa unapokauka na tena unapochomwa. Hivyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko tofali linalotakiwa. Busara ni kufyatua machache kwanza, kuyachoma, kuyapima, kisha kurekebisha kalibu kabla ya tanuri kubwa.

La tatu ni rangi na mpangilio. Matofali ya matanuri mbalimbali huchanganywa kabla ya kujengwa ili ukuta usiwe na mabaka, na mpangilio wa vichwa na urefu hufuata ule wa ukuta wa zamani.

La nne, ambalo husahauliwa kuliko yote, ni kile kinachounganisha. Kuta nyingi za kale zilijengwa kwa chokaa au kwa udongo. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale. Unyevu ukishindwa kutoka kupitia kiungo, hutokea kupitia uso wa tofali, nao uso huo humomonyoka mwaka hata mwaka. Fundi anayeziba viungo vya kale kwa saruji akidhani anaimarisha ukuta, kwa kweli anaufupishia maisha.

Hitimisho

Kwa kamati yenye fedha kidogo, njia za mkato ni mbili: kubomoa la kale, au kulipiga plasta lote ili tofauti isionekane. Zipo nyakati ambapo ukuta umeoza na hakuna budi kuubomoa. Lakini mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa sababu tu hakuna aliyechukua rula na kupima. Gharama ya kalibu mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kulipoteza jengo ambalo wazee walilijenga kwa jasho, na ambalo likishabomolewa halirudi.

Tofali la kale limebeba habari za wafalme na kodi zao, za Dola iliyokuja na sentimita na nyingine iliyokuja na inchi, na zaidi ya hao wote za watu wasioandikwa majina waliokanyaga udongo. Kizazi kinachoingia katika miaka mia ya pili hakidaiwi kuishi kama wale wa kwanza. Kinadaiwa kupima kwanza walichoacha, ndipo kijenge, ili kozi mpya ikutane na kozi ya kale, na ukuta usimame kama ukuta mmoja.