Manowari za Unguja na ng'ombe wa kreta

Wadau, mkipita Karatu kushuka kreta ya Ngorongoro mtasimuliwa habari za Adolph Siedentopf, Mjerumani aliyefuga ng'ombe mle ndani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Njia yake ilifunguliwa baharini. Februari 1885 Ujerumani ilitangaza himaya Usagara na majirani zake. Sultani Barghash wa Zanzibar akapinga. Agosti manowari zikatia nanga mbele ya jumba lake. Waingereza aliowategemea wakamshauri alegeze. Hakuna mzinga uliolia, akasaini. Mwaka 1886 London na Berlin wakachora mpaka hadi Ziwa Viktoria. Wairaqw na Wamasai hawakuulizwa. Halafu madaftarini tunaandika eti Barghash "alikubali". Jamani, aliyeelekezewa mzinga anakubali nini?