Somo la Historia: Bibi Aliyekwenda Kuuliza Bei

Leo tutasoma habari za Bibi Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa habari wa BBC.

Kwanza neno moja. Wazee wetu walisema "zeruzeru". Neno hilo linawachoma wenyewe, kwa hiyo sisi tutasema "watu wenye ualbino". Ni watu kama sisi, ila ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga na jua.

Mwaka 2007 na 2008, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu hao waliwindwa na kuuawa. Waganga fulani walidanganya ya kwamba hirizi yenye kiungo chao huvuta dhahabu shimoni na samaki wavuni. Mchimbaji mdogo aweza kuchimba miezi mingi asipate hata punje. Mtu aliyechoka namna hiyo hudanganyika upesi. Lakini dhahabu imo katika mishipa ya mawe tangu kale na kale, wala haiitwi kwa dawa.

Bibi Ntetema alitaka kuwajua wauzaji. Mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara atafutaye utajiri, akaenda kwa waganga kuuliza bei. Wawili walikubali kumpatia dawa yenye viungo vya binadamu. Bei ilianzia dola 2,000 za Marekani. Je, mchimbaji wa shimoni azitoe wapi fedha hizo? Kwangu mimi swali hilo ndilo zito kuliko yote, maana linamwelekea mnunuzi mwenye mali. Habari zilipotangazwa, bibi huyo alitishiwa kuuawa, ikambidi ajifiche.

Mwaka huo huo Rais Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa Mbunge. Bibi Ntetema hakuingia Bungeni. Aliacha utangazaji, akaongoza nchini shirika la Under The Same Sun, linalowatetea watu hao.

Septemba 2009 Mahakama Kuu, iliyokaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo.

Hata hivyo, Februari 2015, wilayani Chato katika Mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa usiku. Mama yake alikatwa panga akimpigania. Siku chache baadaye mwili wa mtoto ulipatikana msituni. Serikali ilikuwa imetangaza marufuku ya wapiga ramli mwezi mmoja tu kabla.