Mpira wa Kumeza: Ufundi Ulivyohama Kooni Ukaja Mkononi

Saratani ya umio humwingia mtu kwa hatua. Kwanza ugali unamkwama, anahamia wali, mwishowe anabaki na uji. Imeshika ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Kuithibitisha kunahitaji kumezeshwa mpira wenye kamera, kipimo cha OGD, na rufaa ya kwenda Hospitali ya Muhimbili ikiandikwa Mikumi ni safari ya karibu kilomita 300. Anayetoka Kilosa siku hizi angalau ana treni ya SGR.

Zamani aliyepaswa kuwa fundi hakuwa daktari. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alimtafuta mmeza panga wa maonyesho, maana bomba lake la chuma, sentimita 47, lilitaka koo lililozoea. Bomba liliingia, taa ndiyo iliyomwangusha, hakuona la maana. Rudolf Schindler alileta bomba linalopinda kiasi mwaka 1932. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Michigan, Marekani, akaumeza mwenyewe mpira wa nyuzi za kioo kabla ya kumpa mgonjwa. (Wangapi wangethubutu?) Hapo mzigo wa kujifunza ukahamia kwa daktari.

Na si mzigo mwepesi. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, tumbo tupu, koo limepulizwa dawa ya ganzi. Mkono wa kushoto wa daktari unashika kichwa cha mpira. Gumba linazungusha gurudumu la kupandisha na kushusha ncha, vidole viwili vinabana vitufe vya hewa, maji na kufyonza. Mkono wa kulia unasukuma. Mwanafunzi anaonywa tangu siku ya kwanza: usipoiona njia, usisukume, rudi nyuma kidogo. Umio hutoboka.

Gumba hilo halifundishwi kwa kitabu. Uingereza hutaka mwanafunzi awe amefanya vipimo 250 kabla ya kuachwa peke yake. Idadi hiyo hutimia upesi penye foleni ya kila siku, kama hospitali za Muhimbili, KCMC au Bugando. Daktari wa wilayani hana budi kuiacha wodi yake kwa miezi. Akirudi na ujuzi, bado atahitaji mtu wa kuusafisha mpira kwa brashi na kuuloweka kwenye dawa baada ya kila mgonjwa. Akiwa na mpira mmoja tu, watu wa asubuhi moja ni wa kuhesabu.