Pikipiki za Wazee na Lami Iliyochelewa

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wameshasikia ngurumo za injini na kelele za upepo, na wengine mmeniandikia kuniuliza nilikuwa wapi khasa. Nilikuwa Ibra, kwenye mkusanyiko wa wenye pikipiki za zamani. Kipindi kilikuwa kifupi na mambo mengi yalibaki nje, kwa hiyo nayaweka hapa kwa maandishi, taratibu.

Nilikwenda na swali moja mfukoni. Ukifungua albamu za familia zetu zilizotoka Unguja, utakuta picha ya namna moja karibu kila nyumba: kijana wa kiume, nywele zimetiwa mafuta, suruali imepigwa pasi, kakaa juu ya pikipiki na anatazama kamera kama ulimwengu wote ni wake. Nyumbani kwetu kijana huyo ni ami yangu. Sasa nenda kwa binamu zetu ambao babu zao walibaki hapahapa Ibra, uwaombe picha za miaka ileile ya hamsini. Hakuna pikipiki. Mara nyingi hata picha yenyewe hakuna. Ukoo mmoja, babu mmoja, wengine walipanda jahazi na wengine hawakupanda. Imekuwaje basi?

Ijumaa asubuhi

Walikutana mapema, jua halijawa kali, ili watu wawahi sala ya Ijumaa. Wengine walitoka Maskati usiku wa manane, wengine Nizwa, na wawili walikuja kutoka Sur kwa barabara kuu inayopita hadi Bidbid. Kahawa, tende, halwa, na kwa sababu wenyeji wetu ni wale wale tunaowajua, chupa kubwa ya chai ya maziwa na kaimati.

Nilizunguka nikihesabu. Pikipiki zilikuwa za makundi mawili. Kundi la kwanza ni za Kijapani za miaka ya sabini na themanini, Honda na Yamaha na Suzuki, na wenyewe wakikueleza wanasema baba alinunua hapa hapa, ikakaa kwenye banda la mbuzi, mie nikaifufua. Kundi la pili ni za Kiingereza, za zamani zaidi: BSA, Triumph, Royal Enfield. Hizi, kila niliyemuuliza aliniambia ameinunua Ulaya au India na kuileta kwa meli. Hakuna hata mmoja aliyesema hii ilikuwa ya babu, imekuwapo Ibra tangu zamani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba umri wa pikipiki ni kama cheti cha kuzaliwa cha barabara. Za Kijapani ndizo zilizoikuta lami ilipofika. Za Kiingereza ni za enzi ambayo huku bara ya Omani lami haikuwapo.

Kiwanda cha bunduki

Hebu tuanze na hiyo BSA, maana historia yake na yetu zimepishana njiani zaidi ya mara moja. Herufi hizo ni kifupi cha Birmingham Small Arms. Ni mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham waliojiunga wakaanzisha kampuni mwaka 1861. Nembo yao mpaka mwisho ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa na kuegemezana. Pikipiki walikuja kuzitengeneza baadaye sana, karibu na mwaka 1910. Hata Royal Enfield ina mzinga kwenye nembo yake, na msemo wao wa biashara ulikuwa kwamba pikipiki yao imeundwa kama bunduki.

Mwaka 1861 una jambo jengine kwetu. Sayyid Said bin Sultan alikufa 1856, wanawe wakagombania urithi, Thuwaini akiwa Maskati na Majid akiwa Unguja. Waingereza wakaingia kati, na mwaka huo wa 1861 Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Malkia, akakata shauri: nchi zigawanywe mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Yaani mwaka ule ule mafundi wa Birmingham wanatia saini karatasi za kampuni, dola yetu inakatwa vipande viwili.

Bunduki za Birmingham zilifika Omani mapema kuliko pikipiki zake. BSA walikuwa miongoni mwa waliotengeneza Martini-Henry, bunduki ambayo mpaka leo unaiona mabegani kwa wazee kwenye harusi na siku za Idi. Mwisho wa karne ya 19 Maskati ilikuwa soko kubwa la silaha. Waingereza waliogopa kuwa zinavuka bahari na kuishia mikononi mwa wanaopigana nao kwenye mpaka wa India, wakambana Sultani Faisal bin Turki, na mwaka 1912 biashara yote ikawekwa ndani ya bohari moja chini ya udhibiti. Makabila ya bara yalikasirika. Mwaka 1913 wakamchagua Imam Salim bin Rashid al-Kharusi, na Wahirthi wa Sharqiyah wakiongozwa na Isa bin Salih wakajiunga naye. Nizwa ikachukuliwa mwaka huohuo. Mwaka 1915 wakajaribu kuingia Maskati, wakarudishwa na wanajeshi wa Kihindi wa Waingereza. Mwaka 1920 yakaja Mapatano ya Seeb, na kwa miaka thelathini na zaidi pwani ikawa ya Sultani na bara ikajiendesha chini ya Imam akikaa Nizwa.

Kwa hiyo unapomuona binamu wa Ibra hana picha ya pikipiki, usidhani ni suala la umasikini tu. Kuna mpaka uliopita katikati ya nchi.

Miaka ya hamsini, pwani mbili

Unguja ilikuwa himaya ya Uingereza tangu 1890, kwa hiyo ilipata vitu vya Uingereza, vizuri na vibaya. Barabara za lami zilitoka mjini kwenda mashamba ya karafuu. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, dunia ilijaa pikipiki za jeshi. BSA peke yake ilitengeneza M20 zipatazo 126,000, na baada ya vita nyingi ziliuzwa kwa raia. Mwaka 1948 ikatoka ile ndogo, Bantam, ambayo muundo wake ulichukuliwa kwa Wajerumani kama fidia ya vita. Nyepesi, haili petroli nyingi, na karani wa serikali akijibana anaimudu.

Huku upande wa pili, gari la kwanza kusumbua Nizwa lilikuja na siasa. Mwezi wa Disemba 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliingia Nizwa, na Sultani mwenyewe akasafiri kwa msafara wa magari kutoka Salalah, akakata jangwa mpaka akafika. Mwandishi wa Kiingereza James Morris alifuatana naye na akaandika kitabu kizima. Halafu 1957 mpaka 1959 vikaja vita vya Jabal Akhdar, na ndege za Waingereza zikapiga mabomu. Magofu ya Tanuf yapo mpaka leo, nusu saa tu kutoka soko la mbuzi la Nizwa. Kijana wa Unguja wa mwaka 1957 akisikia injini alifikiria kwenda matembezi Bububu. Kijana wa Dakhiliyah akisikia injini alitazama juu.

Na baada ya vita milango haikufunguka. Kuingiza gari nchini kulihitaji ruhusa ya Sultani mwenyewe. Maskati milango ya mji ilifungwa usiku, na anayetembea gizani lazima ashike taa mkononi. Mpaka 1970 nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita kumi tu. Kumi! Hizo ni kutoka Maskati kwenda Matrah na kuzidi kidogo.

Mguu unaokumbuka

Pale Ibra kulikuwa na mzee mmoja mwenye M20, ameitengeneza mwenyewe miaka mingi. Nikamwendea, "Shikamoo, ami." Akageuka haraka. "Marahaba mwanangu. Mtoto wa nani wewe?" Tukamaliza nasaba kwanza, kama ada, halafu ndiyo tukaingia kwenye chuma.

Akanionyesha jinsi ya kuiwasha. Unafungua petroli, unabonyeza kitufe kwenye kabureta mpaka ianze kuchuruzika, unarudisha moto nyuma kidogo kwa kijiti cha kwenye usukani, halafu unapiga kiki moja ya adabu. Ukipiga kwa hasira itakurudishia na goti utalijua. Gia zake ziko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na pikipiki za leo. Yeye kajifunza Unguja akiwa mdogo, kwenye nchi ya kushika kushoto. Alipokuja Omani akakuta watu wanashika kulia na Honda zina gia mguu wa kushoto. "Kila kitu kiligeuzwa," aliniambia, "mpaka miguu yangu."

Nikamtolea picha ya ami yangu kwenye simu. Kwetu hadithi inajulikana: ami alikuwa na BSA, akaiacha Januari 1964, na kila panapotajwa mali iliyopotea, hiyo pikipiki hutajwa ya kwanza. Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili. Akauliza ami alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa na kaduka shamba.

Akatabasamu. "Hiyo si yake, mwanangu. Tazama raba zake, nyeupe pepe. Mpanda BSA kiatu cha kulia kina doa la gia, na cha kushoto kina doa la mafuta, maana zote zinavuja. Kakaa tu apigwe picha. Siye sote tulikuwa tukikaa juu ya pikipiki za watu. Ami yako alikuwa na baiskeli."

Nilipompigia shangazi usiku ule, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo, baiskeli. Raleigh. Pikipiki ilikuwa ya mwenye kiwanja cha karafuu pale jirani."

Kwa nini jambo hili lina uzito

Wengine mtasema, kwani shida nini, pikipiki au baiskeli? Shida ni hii. Siye kizazi cha pili tumelelewa na hadithi ya Unguja yenye raha tupu, kila mtu ana shamba, kila kijana ana pikipiki. Hadithi hiyo imewafuta watu wawili. Imemfuta aliyechuma karafuu na kukwea mkarafuu, ambaye hakuwa kwenye picha kabisa. Na imemfuta ami yangu mwenyewe, Mmanga wa shamba aliyetoka Sharqiyah na pepo za kaskazi bila kitu, akalala juu ya magunia dukani kwake na kupanda baiskeli. Watu wa namna yake ndio waliouawa kwa wingi kwenye fujo za Juni 1961, na tena mwaka 1964. Tukimpa BSA ambayo hakuwa nayo, tunamnyang'anya maisha aliyoishi kweli.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 walionusurika walitawanyika, Dubai, Kuwait, Cairo, Mombasa. Walio wengi hawakuingia Omani mpaka Sultani Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita walioko nje warudi. Wakarudi na Kiingereza cha skuli, na uhasibu, ualimu, uuguzi na spana. Waliitwa Wazinjibari, na wengine tunaitwa hivyo mpaka leo. Lami ikaanza kutandazwa, na ilipofika Ibra na Nizwa, dunia ya pikipiki ilikuwa imeshabadilika. Honda walikuwa wametoa Super Cub mwaka 1958, na BSA mwaka 1973 ikaanguka. Ndiyo maana Ibra haina BSA ya urithi. Barabara ilipofika, kampuni ilikuwa inazikwa.

Maneno ya gereji

Kitu kimoja kilinifurahisha. Pale uwanjani Kiswahili na Kiarabu vilikuwa vinasikilizana bila mkalimani. Mmoja anasema tairi, mwenzake taayir. Huyu gereji, yule karraj. Huyu pancha, yule banshar. Breki kote ni breki. Maneno haya yote yamepita kwa Mwingereza kama zilivyopita bunduki zake, yakaja kwetu kwa milango miwili. Moja tu ni letu kabisa, pikipiki, neno lililoundwa kwa kuisikiliza injini yenyewe. Kijana mmoja wa Nizwa, asiyejua Kiswahili hata kidogo, aliniomba nilirudie mara tatu. Anasema ndivyo khasa M20 inavyosema ikitulia.

Basi kazi yenu wiki hii. Toeni picha za wazee, na msiulize tu huyu nani. Ulizeni: kitu alichokalia ni cha nani? Nani aliyepiga picha? Nani hayumo? Andikeni majibu nyuma ya picha kwa penseli, isipenye karatasi. Shangazi yangu ameshaandika nyuma ya ile yetu, kwa mkono wake: jina la ami, mwaka 1959, na chini yake, "pikipiki ya jirani."

Kipindi kijacho inshallah tutakuwa Sur, kwa mafundi wa majahazi. Mwenye ami au babu aliyekuja na jahazi aniandikie mapema.