Kutia Saa Ufunguo

Saa ya kamani ikisimama, swali la kwanza la Mswahili ni lilelile, awe Isevya mjini Tabora au Darajani Unguja: umeitia ufunguo? Anayeulizwa haendi kutafuta ufunguo wowote. Anakishika kile kidude chenye meno kilicho ubavuni mwa saa, upande wa tarakimu ya 3, anakizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, na saa inaanza kutembea. Kidude hicho Waingereza hukiita taji kwa lugha yao, Wafaransa vivyo hivyo, na mfasiri mwenye haraka huandika taji akapita. Makala haya yanatetea ufunguo, na hoja zake nyingi zinatoka kwenye njia ya misafara iliyopita hapohapo Tabora.

Tarehe 7 Novemba 1857 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara katika eneo la Tabora ya leo, baada ya zaidi ya miezi minne ya mwendo kutoka pwani. Saa walizobeba hazikuwa pambo. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo msafiri anayejua saa ya Greenwich na saa ya jua la pale aliposimama anaweza kukokotoa amefika wapi kwa upande wa mashariki na magharibi. Saa ikikosea dakika moja tu, nukta kwenye ramani inahama takriban kilomita 28 katika nchi ya Unyamwezi. Saa za Burton na Speke ziliharibika moja baada ya nyingine, hata wakalazimika kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi wenye urefu unaokaribia mita moja na kuhesabu sekunde kwa kuiacha ibembee.

Nyingi kati ya saa za enzi ile zilijazwa kwa ufunguo wa kweli: kipande kidogo cha chuma chenye tundu la pembe nne. Mwenye saa alifunua mfuniko wa nyuma, akapachika ufunguo kwenye mhimili, akaikaza kamani mpaka ikakataa. Kazi hiyo ilirudiwa karibu kila siku, na kila mfuniko ulipofunuliwa vumbi lilipata njia. Ufunguo ukidondoka porini kati ya Ugogo na Unyamwezi, saa nzima kabisa ilibaki bubu.

Na vumbi halikuwa adui pekee. Mwaka 1867 mchukuzi wa saa za David Livingstone aliteleza akaanguka nazo, mwendo wa saa hizo ukabadilika, na vipimo vya longitudo vya Livingstone vikapotoka. Huyu ndiye Livingstone aliyekaa miezi kadhaa ya mwaka 1872 katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi.

Katika dunia hiyo ndipo msemo wetu unapoeleweka. Hakuna aliyeketi kuubuni kwenye kamati. Watu waliona saa inatiwa ufunguo, wakasema inatiwa ufunguo.

Ulaya, wakati huohuo, ufunguo ulikuwa umeshapata mrithi. Mwaka 1820 Mwingereza Thomas Prest alisajili hataza ya saa iliyojazwa kwa kuzungusha kirungu kilichoungwa na saa yenyewe. Mfaransa Adrien Philippe akaenda mbali zaidi: mtambo wake uliwezesha kidude kimoja kujaza kamani na pia kusogeza mishale. Aliuonyesha Paris mwaka 1844, akakutana huko na Antoni Patek, na mwaka uliofuata akapata hataza. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, Malkia Victoria alinunua saa ya Patek Philippe isiyohitaji ufunguo. Hiyo ni miaka sita kabla ya Burton kufika Kazeh. Lakini saa za namna hiyo zilikuwa ghali, na zile za ufunguo ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi.

Jina la taji lilikuwa na mantiki yake kwenye saa ya mfukoni. Kidude kilikaa juu kabisa, kwenye tarakimu ya 12, ndani ya pete ya mnyororo, kikiwa na mikunjo kuzunguka ukingo. Kwa yeyote aliyeishika saa ile wima, taji lilikuwa kichwani hasa.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vilivyowapitisha Wabelgiji Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari aliyehitaji mikono yote miwili hakuwa na nafasi ya kuchomoa saa mfukoni, na saa ya mkono, ambayo awali wanaume wengi waliiona kuwa pambo la wanawake, ikawa kifaa cha kazi. Kwa kuwa wengi huvaa mkono wa kushoto na kuzungusha kwa mkono wa kulia, kidude kiliteremka kutoka 12 hadi 3. Kichwani hakiko tena, ila jina la Kizungu limebaki.

Ili kuona kazi yake, ni vizuri kuinama kwenye kimeza cha fundi saa. Mfuniko wa nyuma ukiondoka, fundi hubonyeza kitenzo kidogo kwa ncha ya bisibisi na kuvuta. Ufunguo hutoka pamoja na kijiti chembamba kinachouunganisha na mtambo. Kijiti hicho kina sehemu ya pembe nne, na juu yake huteleza kigurudumu chenye meno pande mbili. Ufunguo ukiwa ndani, meno ya upande mmoja huzungusha magurudumu yanayokaza kamani, na kidole kidogo cha chuma huyazuia yasirudi nyuma. Ule mlio mwembamba unaosikika wakati wa kujaza ni wa kidole hicho kikiruka jino hadi jino. Ufunguo ukivutwa nje, kigurudumu huteleza upande wa pili na kushika magurudumu ya mishale. Kwenye saa yenye tarehe kuna kituo cha katikati, cha kubadilishia tarehe, na saa nyingi hazitaki kiguswe kati ya saa tatu na saa tisa usiku, wakati mtambo wa tarehe umeshaanza kazi yake wenyewe.

Kijiti kipya huja kirefu kupita kiasi. Fundi hukipima, hukikata, hukipiga tupa kidogo, hukirudisha, hukitoa tena. Kikizidi kwa unene wa ukucha, ufunguo unaning'inia nje na vumbi la kiangazi cha Tabora linaingia kama zamani. Kikipungua, haushiki.

Tundu la kijiti hicho ndilo udhaifu mkubwa wa saa nzima. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa ya Oyster, ambayo ufunguo wake ulikazwa kwa hesi kwenye kasha. Mwaka 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliibeba akiogelea katika mlango bahari wa Uingereza, na saa ikatoka inatembea. Ila ilibidi kila siku mwenye saa aulegeze ufunguo, ajaze, akaze tena. Akisahau kukaza, maji yanaingia. Nafuu ilikuja mwaka 1931 kampuni hiyo ilipotoa Oyster inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono. Seiko 5, saa ya Kijapani iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960, ilijijaza pia, na ndiyo maana ufunguo wake umejificha karibu na tarakimu ya 4: hauhitajiki kila siku.

Sasa istilahi. Kanuni ya kuunda maneno inayofuatwa Tanzania huanza na Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu na za nchini, ndipo za kigeni. Kwa kidude hiki hakuna haja hata ya kuondoka nyumbani. Ufunguo wa saa umekaa kinywani mwa watu, na unazaa bila taabu: kijiti cha ufunguo, mpira wa ufunguo, ufunguo wa hesi. Taji linamwachia msomaji picha ya mfalme au mshindi wa kombe, halimwelezi kidude kinafanya nini. Atakayesema ufunguo utachanganywa na wa mlango ajiulize mara ngapi mtu mwenye saa mkononi amechanganyikiwa hivyo.

Pingamizi lenye uzito ni la saa za betri, zisizo na kamani ya kukazwa. Hata humo kidude kinapanga mishale, na kikivutwa nje kwenye saa nyingi mtambo husimama. Ndiyo sababu saa mpya dukani huwa na kipande cha plastiki kilichopachikwa chini yake: betri inatunzwa mpaka mnunuzi apatikane, plastiki itolewe, ufunguo usukumwe ndani, na mshale wa sekunde uondoke.