John Herschel na Gavana wa Guangzhou

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waendao Guangzhou kutafuta bidhaa huijua Yide Lu kwa maduka yake ya jumla ya vitu vya kuchezea watoto na ya samaki wakavu. Kando ya maduka hayo limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kati ya 1863 na 1888. Kabla ya kanisa, uwanja huo ulikuwa makao ya gavana mkuu wa Guangdong na Guangxi. Mmoja wa magavana hao alikuwa Ruan Yuan, aliyeshika cheo hicho tangu 1817 hadi 1826. Sifa ya mwanafalaki Mwingereza John Herschel nchini China haielezeki bila yeye.

Ruan Yuan alikuwa msomi hodari. Mnamo 1799 alikamilisha Chouren zhuan, kitabu cha maisha ya wanafalaki na wanahisabati, na humo akaikataa kauli ya kwamba dunia hulizunguka jua. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mapadri Wajesuiti walikuwa wameleta nadharia moja ya mbingu, kisha nyingine iliyoitangua ya kwanza. Msomi ashike ipi?

Herschel naye alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834, akakesha huko miaka minne akiikagua anga ya kusini kwa darubini. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1847 yaliorodhesha nebula na vishada vya nyota 1,707, pamoja na jozi 2,102 za nyota pacha. Mwaka 1849, ambao ndio aliofariki Ruan Yuan, alitoa Outlines of Astronomy, kitabu kilichoufafanulia umma elimu ya falaki yote.

Desemba 1857, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipiga Guangzhou kwa mizinga, na makao ya gavana yakaishia kuwa magofu. Mwaka 1859, huko Shanghai, mwanahisabati Li Shanlan na mmisionari Alexander Wylie walichapisha kitabu cha Herschel kwa Kichina, kwa jina la Tan Tian. Mzinga na kitabu vilitoka taifa moja, na Mchina yeyote angekuwa na sababu ya kuvikataa vyote viwili.

Li alivitenganisha. Katika dibaji yake alimjibu Ruan Yuan, wala hakumtaka msomaji aamini kwa kuwa Wazungu wamesema. Alitaja ushahidi: nyota huonekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake kwa sababu dunia yenyewe imo mwendoni. Kwa kupingana na mkubwa wake kwa hoja, alimpa heshima ambayo ukimya usingempa.

Herschel alizikwa mwaka 1871 katika Westminster Abbey, karibu na Newton. Hiyo ndiyo sifa yake kwao. Nchini China sifa yake ilisimama juu ya kalamu ya Li, na nebula zilizotazamwa kutoka ardhi ya Afrika zikapata wasomaji wa Kichina.

Hapo pana funzo kwetu, warithi wa mabaharia na masheikh walioijua falaki kwa ajili ya safari, kibla na miandamo. Tafsiri huleta maneno ya elimu. Elimu yenyewe hupata makazi pale inapojadiliana na wazee wa lugha hiyo. Je, ni mzee gani wa falaki ambaye sisi tumemjibu kwa Kiswahili?